Barua kwa Baba Kulwa: lile trekta la kuchumia pamba

Nyakato, Mwanza

Baba Kulwa, rafiki yangu,

Mwangaluka. Huku kwangu wote wazima, na natumaini Mama Kulwa malaria imemwachia. Uliniuliza kama ulinunue lile trekta la kuchumia pamba la huko Marekani, tuliinue liwe la kupulizia dawa. Picha za mpwa wako kutoka Arkansas nimezipata zote. Ile ya chini ya tumbo la trekta nimeikuza kwenye simu mpaka macho yakauma. Jibu langu ni hili: kama bei ni hiyo uliyonitajia, linunue, ila asitokee mtu wa kufungua difu, yale magia ya katikati ya ekseli ya nyuma. Nakueleza kwa kirefu kwa sababu najua vijana wa gereji hapo Magu watakuambia kazi ya kwanza ni kulifungua difu na kuligeuza.

Hilo ni Farmall M la International Harvester. Yalitengenezwa kuanzia 1939 mpaka 1952, injini ya silinda nne, lita nne na kidogo, na petroli linaijua. Farmall M ya kawaida ina gia tano za mbele na moja ya rivasi. Hilo alilolipiga picha mpwa wako ni kinyume chake, na wala si ubovu. Mashine ya kuchumia ilifungwa nyuma, kwenye matairi makubwa, dereva akageuziwa kiti, kisha trekta likawa linatembea kinyumenyume shambani ili mashine iufikie mche kabla ya kitu kingine. Sasa, nani angechuma pamba siku nzima kwa gia moja ya rivasi? Kiwandani wakaihamisha kraunwili, ile gia kubwa ya ndani ya difu, kutoka upande mmoja wa pinioni, gia ndogo inayoizungusha, kwenda upande wa pili. Pinioni inazunguka vilevile, lakini ekseli zinazunguka kinyume. Gia zote tano zikawa za kurudi nyuma, na rivasi ndiyo ikawa ya kwenda mbele.

Wewe unataka trekta la miguu mirefu, lipite juu ya pamba inayomgusa mtu kifuani bila kuvunja matawi, na libebe tangi la dawa. Wazo ni zuri. Januari mpaka Aprili watu wanazunguka na bomba la mgongoni katikati ya majani yaliyolowa sumu, shati lote chapachapa, halafu jioni wanalalamika vichwa. Tatizo ni namna ya kuliinua.

Tairi kubwa zaidi sahau. Rimu za nyuma za hilo trekta tayari ni inchi 38, utaongeza sentimita chache tu na utaharibu mwendo wa gia. Njia waliyotumia wenyewe ni boksi la kushushia: ekseli inaishia juu ndani ya boksi la chuma, gurudumu linafungwa chini ya boksi, na katikati kuna kitu cha kupeleka nguvu chini. International walikuwa na toleo lao la miguu mirefu, Farmall MV, na ndani ya maboksi yake kulikuwa na cheni.

Mafundi wengi wangekimbilia cheni, maana sproketi na cheni ni rahisi kupata kuliko kukata gia. Mimi cheni siipendi kwa hilo trekta, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni breki. Breki za Farmall M hazipo kwenye gurudumu, zipo kwenye shafti za pembeni mwa gia boksi. Ukiweka cheni katikati, siku inapokatika gurudumu hilo halina breki hata kidogo, na wewe uko juu na tangi la maji unashuka kilima. Ya pili ndiyo iliyonifanya nikae usiku nikichora. Cheni haibadilishi mzunguko: sproketi ya juu ikienda mbele, na ya chini inakwenda mbele. Kwa hiyo ukiweka cheni, trekta litabaki la kinyumenyume na itabidi ufungue difu.

Lakini chukua vizibo viwili vya soda, vilaze mezani meno yagusane, kisha zungusha kimoja. Cha pili kinakwenda upande mwingine. Gia mbili zinazoumana ndani ya boksi zinafanya hivyohivyo. Sasa unaona? Kiwanda kilishaligeuza trekta mara moja kwenye kraunwili. Sisi tukiweka gia mbili kila upande tunaligeuza mara ya pili, na gia zile tano zinarudi kuwa za mbele bila kugusa bolti moja ya difu. Trekta la kawaida ukiliwekea boksi la gia mbili lingerudi nyuma, ungelazimika kuongeza gia ya tatu katikati ili kulirekebisha. Hilo lako lilivyo ndivyo linavyotakiwa. Kwa kazi hii, Farmall la kuchumia pamba lina thamani kuliko lile zima lililobaki kama lilivyotoka kiwandani, na mwenye kuliuza huenda halijui hilo, basi mpwa wako afunge mdomo.

Hesabu yenyewe ni hii. Tukitaka kupanda sentimita 30, gia zote mbili ziwe na kipenyo cha sentimita 30 kwenye mstari wa kuumania, meno 50 kila moja, saizi ya jino ni moduli 6, yaani kipenyo cha milimita 300 ukigawa kwa meno 50. Zikilingana meno, mwendo haubadiliki. Nguvu inayofika pale chini, baada ya difu na gia kubwa za pembeni kuizidisha, ni kubwa mno, kwa hiyo gia ziwe pana, za chuma cha kukazwa kwa moto, zioge ndani ya oili, na kila shafti ishikwe na beringi pande zote mbili. Kukereza shafti na kuchomelea boksi naweza hapa Nyakato. Kukata na kukaza meno tutampa mtu mwenye mashine za kazi hiyo, na hapo usibane hela. Kisha kila boksi lifungwe kwa mkono wa chuma kwenda kwenye hausingi ya gia, kwa sababu trekta likivuta, boksi linataka kuzunguka kwenye ekseli yake. Usipolifunga litakunja bolti zote siku ya kwanza kwenye mbuga.

Mbele nako kuna kazi. Kwenye picha magurudumu mawili ya mbele yamebanana katikati, na ukiinua nyuma peke yake trekta litainama kama ng'ombe anayekunywa maji, usukani utaanza kuyumba kwa sababu kingpini, zile pini ambazo magurudumu ya mbele hukatia kona, zimebadilika mlalo. Tutatengeneza ekseli pana yenye miguu iliyorefushwa kwa sentimita zilezile 30. Upana kutoka katikati ya tairi hadi katikati ya tairi uwe sentimita 180, mbele na nyuma. Hapo nimefikiria mistari yako: wanaopanda kwa sentimita 90 trekta linapita juu ya mistari miwili, na wale wa 60 linapita juu ya mitatu. Ila kwa hao wa 60 tairi pana itasugua miche, tutafute tairi nyembamba za mazao ya mistari.

Tangi lisizidi lita 400. Najua unataka 1000, kila mtu anataka 1000. Lita 400 ni kilo 400 juu ya kitu ambacho tumeshakiinua, na maji yakiwa nusu tangi yanacheza kila ukivuka tuta. Tutaweka vizuizi ndani ya tangi, na tangi likae mbele ya ekseli ya nyuma. Mabomba yenye nozeli yatakaa nyuma kabisa, dereva aitangulie dawa badala ya kuipita. Na asubuhi tu, Baba Kulwa. Upepo wa ziwa ukishaanza mchana, dawa ya funza wa vitumba itaishia kwenye mchicha wa jirani.

Kitu kimoja nakukataza mapema: ukishalipandisha usilikodishe kwa kulima. Watu watakuja na hela taslimu Novemba, watakubembeleza. Jembe linavuta chini na trekta limesimama juu, na yale maboksi hatuyatengenezi kwa mzigo huo. Likodishe kwa kupulizia, pamba kwanza, halafu alizeti na mahindi kabla hayajazidi kimo. Ukipata wateja Sengerema, daraja la Kigongo–Busisi lipo, hakuna tena kusubiri kivuko.

Umeniuliza kuhusu ile mashine yenyewe ya kuchumia. Nakiri ni kitu cha kutazama: vijiti vingi vinavyozunguka, vyenye miiba midogo, vinalowanishwa maji ili nyuzi zishike, halafu mpira unazipangusa. Mwaka 1944 shamba la Hopson karibu na Clarksdale, Mississippi, lilitoa pamba iliyopandwa mpaka kuvunwa kwa mashine, za kuchumia zikiwa za International hawahawa. Lakini inataka mistari mirefu iliyonyooka na vitumba vilivyopasuka kwa pamoja, na majani yadondoshwe kwanza kwa dawa. Kwetu kitumba cha chini kinapasuka wakati cha juu bado kijani. Pamba yetu inachumwa kwa mkono, na kwenye AMCOS, chama cha ushirika tunakouzia, wakikuta majani ndani wanakushusha daraja papo hapo. Iache hukohuko.

Kabla hujatuma hela, mpwa wako anipimie vitu vitatu: unene wa ekseli ya nyuma pale gurudumu linapofungwa, upana kutoka kitovu cha gurudumu moja hadi jingine, na kimo kutoka ardhini hadi kwenye ekseli hiyo. Apande juu aliwashe, aweke kila gia, aniambie linakwenda upande gani. Kama hata moja kati ya zile tano inakwenda mbele kwa dereva anayetazama injini, ujue kuna mtu alishaifungua difu kabla yetu, na hapo bei tuizungumze upya. Mambo ya bandari na kodi muulize wakala wako, mimi naishia kwenye spana.

Na ile nafasi itakayobaki kwenye kontena baada ya kuacha mashine ya kuchumia, ajaze rimu za ziada za inchi 38, zile ngumu kuzipata huku, na manyeto ya akiba, kile kifaa cha kuzalisha cheche za plagi.

Msalimie shemeji, na Kulwa na Doto.

Ni mimi rafiki yako,
Baba Neema