Wakaguzi wa dawa nao wakumbukwe

Bwana mhariri,

Nipe nafasi niwakumbuke wenzangu watatu. Nimeendesha gari ya wakaguzi wa dawa hapa Mombasa miaka mingi mpaka nikastaafu. Juzi nimeenda kuzika jirani pale Kikowani nikapita kaburi la mmoja wao, kibao kimefutika hata jina halisomeki. Niliumia wallahi.

Watu wakisikia mkaguzi wanajua ni mtu wa kufunga maduka na kusumbua. Sheria ya dawa, ile Sura 244, iko tangu 1957 lakini sheria haina miguu, ni watu wanaamka asubuhi wanapanga foleni ya feri waende Likoni kuangalia ile dawa mamako anauziwa ni dawa kweli.

Wa kwanza ni mzee wetu, alikuwa na kipimajoto chake mwenyewe, amekifunga na kitambaa cha jasho ndani ya mfuko wa shati. Akiingia duka la dawa atasalimia, atakiweka ndani ya friji, halafu ndio aombe madaftari. Akimaliza kusoma anarudi kukiangalia. Insulini, ile dawa ya kujidunga ya wagonjwa wa sukari, yataka digrii 2 mpaka 8, na kwa hili joto letu stima ikipotea mchana mzima ushaingia hasara. Siku moja Kongowea tukakuta chupa za insulini zimelazwa friza pamoja na samaki, zimekuwa barafu. Hakupiga kelele. Alivuta kiti akamueleza yule kijana pole pole, ikishaganda haifai tena hata ikiyeyuka, na mgonjwa hatajua, atajidunga kila siku na sukari iko palepale juu. Yule kijana alilia, na zile chupa akazitoa mwenyewe.

Wa pili ni dada yetu wa masjala. Klorokwini ilipoachwa kutibu malaria 1998 ikaja Fansidar, halafu 2006 zikaanza kutolewa zile dawa mseto, simu zote za wenye maduka zilikuwa zaishia kwake, na sikuwahi kumsikia akimjibu mtu vibaya.

Wa tatu alikuwa kijana, bado mbichi kazini. Alifariki 2020 Mombasa imefungwa kwa ajili ya korona, hakuna kuingia hakuna kutoka, nduguze wako Voi wakabaki hukohuko na sisi mazishini twahesabiwa tusizidi 15. Kijana aliyekuwa akijuana na kila duka kutoka Changamwe mpaka Bamburi akazikwa kama mgeni. Hilo mpaka leo halijanitoka.

Ombi langu ni dogo. Majina yao yaandikwe ukutani kwenye ofisi ya wakaguzi, pale wageni wanapokaa kungoja, na siku moja kwa mwaka isomwe hitima na wale Wakristo waombewe vilevile. Na hawa wajane wasizungushwe na makaratasi ya mafao, kuna mmoja alienda ofisi inayohusika akarudishwa mara nne kwa sababu ya herufi moja ya jina, nauli yake mwenyewe, na mtoto mgongoni.

Mke wa mzee nilimtembelea Ijumaa. Kile kipimajoto bado anacho, kimefungwa kwa kitambaa kilekile, na amesema ukuta ukipatikana yuko tayari kukitoa.

Dereva mstaafu,
Kisauni, Mombasa