Apu ya benki imegoma baada ya kuflashi simu? Soma hapa kabla hujatuita wezi

Jumamosi kaja kaka mmoja dukani kafura kweli, simu yake tulimflashia Alhamisi (yaani kufuta vyote na kuweka programu ya simu upya), eti "mmeifanya nini apu yangu ya benki mbona inanikataa, nirudishieni hela yangu". Wateja wawili waliokuwa wanasubiri kioo wakajiondokea kimya kimya. Hii kesi sasa ni ya kila wiki, naandika mara moja yaishe.

Apu ya benki inajifunga na simu uliyojiungia. Siku ile kuna ufunguo unakaa ndani ya simu, ukiflashi unafutika pamoja na picha zako, benki inakuona mgeni. Lazima ujisajili upya, meseji ya kodi (zile namba za kuthibitisha ni wewe) ije kwenye laini yako, benki nyingine zinataka mpaka uende tawini. Na tulimwambia kabla hatujagusa kitu, akaitikia "poa poa" huku anachati.

Sasa bei. Kuna mama anauza vitenge, tulimtajia elfu 25 ya kuflashi akaona tunamkamua, akampata wa elfu 8. Kumbe yule fundi kairuti simu, yaani kafungua ulinzi wake wa ndani. Ikawaka vizuri tu, muziki unapiga, ila apu ya benki kila akifungua inaandika kifaa si salama halafu inajizima, maana simu ikirutiwa programu nyingine inaweza kuchungulia mpaka pasipotakiwa, ndo zinagoma makusudi. Akarudi kwetu, tukashusha mafaili orijino ya modeli ileile (bando hilo nani analipa?), tukaanza moja. Jumla elfu 33, na siku zote hizo mzigo wake hajaulipia.

Halafu namba zenu za siri hatuzitaki jamani. Mtu anakuachia simu, laini imo, nyuma ya kava kuna kadi ya ATM na kikaratasi kimeandikwa namba nne kwa kalamu ya bluu. Mwezi huu nimeyaona mara mbili! Kwetu simu haipokelewi mpaka utoe laini na kadi utie mfukoni mwako, kutesti mtandao tunatumia laini ya duka. Wapo wanaonuna, wanune tu. Na fundi akikwambia umsomee kodi ya kwenye meseji ili "akumalizie kuseti", chukua simu yako ondoka, benki yenyewe haikuulizi hiyo.

Yule kaka tulimkalisha kwenye stuli akajisajili mwenyewe, dakika kumi hazikufika. Akanunua na protekta, akaomba nimpunguzie buku. Sikumpunguzia.