Mtuambie pia funza hao wanakula nini

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme machache kuhusu makala mliyoichapa juu ya kufuga funza kwa ajili ya chakula cha mifugo. Niliisoma mara mbili, kisha nikaikata na kuibandika kwenye mlango wa stoo, maana ni mara chache gazeti linaandika kitu ninachokifanya kwa mikono yangu kila siku. Mwandishi wenu alieleza faida, akaeleza banda, akaeleza protini. Ila hakuna mahali aliposema funza hao walishwe nini. Mimi nafuga kuku wa mayai mia mbili na kidogo, na huu ni mwaka wa tatu nafuga na nzi. Shughuli yote iko hapo hapo alipoparuka.

Kwanza niwatoe hofu wanaokunja uso wakisikia neno funza. Nzi tunayemfuga si yule anayetoka chooni akatua kwenye sahani. Huyu anaitwa nzi askari mweusi, ni mwembamba na mrefu, ukimwona kwa haraka utadhani nyigu. Haumi. Akishakuwa mkubwa hana haja ya chakula. Maji yanamtosha, naye anaishi siku chache tu, muda wa kupandana na kutaga. Jike hutaga mayai kati ya 500 na 900 kwa mkupuo mmoja, ndani ya ufa mkavu ulio karibu na kitu kinachooza. Ndiyo maana naweka vipande vya katoni yenye mawimbi juu ya beseni. Yai moja moja macho yangu hayalioni, lakini kundi lake linaonekana kama tone la nta lililoganda kwenye tundu la katoni.

Baada ya siku nne hivi yanaanguliwa, na kuanzia hapo ni kula tu, kama wiki mbili. Usiku, kukiwa kimya, ukiinamia beseni unawasikia: mlio kama manyunyu yanayoangukia majani makavu. Ukizamisha mkono katikati unakuta joto, na joto hilo wamelitoa wao wenyewe kwa wingi wao. Wakikaribia kujifunga kuwa bundo, yaani hatua ya kutulia kabla ya kugeuka nzi, wanageuka rangi, kutoka weupe wa maziwa hadi kahawia iliyokolea, wanaacha kula na kuanza kupanda kutafuta pakavu. Nimewawekea ubao wa mteremko. Asubuhi nawakuta wamejileta ndooni bila mimi kuwagusa.

Wakikaushwa, karibu asilimia 40 ya uzito wao ni protini, na mafuta yanaweza kufika asilimia 30. Unga mzuri wa samaki, ambao huchanganywa kwenye chakula cha mifugo kwa ajili ya protini, una zaidi, asilimia 60 na kitu. Lakini unga wa samaki unatoka baharini na kwenye maziwa, kwa samaki wadogo ambao wengi wao binadamu angeweza kuwala, na bahari ikikataa sote tunakwama. Mwaka 2023 Peru, nchi inayoongoza duniani kwa unga huo, ilifuta msimu wa kwanza wa uvuvi kwenye eneo lake kuu kwa sababu samaki wengi walikuwa bado wachanga. Kwa hiyo naitaka kazi hii ya funza ifanikiwe, naitaka sana, na ndiyo sababu nimekaa kuandika.

Sasa nirudi kwenye chakula chao. Funza hatengenezi protini kutoka hewani. Anachukua ulichompa na kukigeuza. Mwaka wangu wa kwanza niliwalisha chakula cha vifaranga, kwa kuwa niliambiwa kinawakuza upesi, na kweli walinenepa nikafurahi. Halafu nikakaa na daftari. Nikaandika kilo zilizoingia na kilo zilizotoka, nikakumbuka kwamba kilo tatu za funza wabichi zikikauka inabaki kama kilo moja. Nilikuwa nimechukua chakula cha kuku, nimekipitisha kwa funza, nikakirudisha kwa kuku kikiwa kimepungua! Ufugaji wa namna hiyo haumsaidii kuku wala mazingira. Faida ya mdudu huyu inapatikana anapokula kile ambacho hakimfai sana kuku na binadamu hakitaki: maganda, matunda yaliyopondeka, mboga zilizooza, machicha ya kiwanda cha bia. Matunda peke yake yana maji mengi, funza wanachelewa na wengine wanatoroka beseni. Nikichanganya na machicha wanatulia. Kinachobaki chini nakipeleka shambani kama mbolea.

Kuna na upande wa usalama. Funza hawa wanaweza kula hata kinyesi na wakanenepa vizuri, lakini vijidudu vya magonjwa vinaweza kusafiri nao. Madini ya kadimiamu, ambayo ni sumu, yakiwemo kwenye chakula chao, yanajikusanya mwilini mwao, kisha yanaingia kwenye kuku. Taka za jalala lililochanganyika na betri na rangi si chakula cha funza, hata kama ni za bure. Umoja wa Ulaya uliruhusu protini ya wadudu kwenye chakula cha samaki wa kufugwa mwaka 2017, na kwenye chakula cha kuku na nguruwe mwaka 2021. Lakini kule mdudu anayefugwa anahesabiwa kuwa mfugo, hivyo ni marufuku kumlisha kinyesi wala mabaki ya jikoni. Sisemi tunakili kila kitu chao. Nasema walianza na swali ambalo makala yenu haikuliuliza.

Mimi mwenyewe nimekosea pia. Kuna wakati niliondoa soya yote kwenye chakula cha kuku kwa mara moja nikaweka funza. Kuku wakapunguza kula, na baada ya siku kadhaa trei za mayai zikapungua. Nikairudisha soya, nikaingiza funza kidogo kidogo, mambo yakakaa sawa. Ni protini ya kuchanganya, na siku hizi siwapi kuku kabla sijawachemsha funza na kuwakausha.

Lakini kilichoniumiza zaidi ni siku niliyopungukiwa nikaenda kununua gunia la funza wakavu. Nikamuuliza muuzaji walilelewa kwa nini. Akanijibu, "Taka tu, mama." Taka zipi? Hakujua, na gunia halikuwa na hata karatasi. Nikaliacha pale pale, nikarudi mikono mitupu kwa kuku wangu.

Ninachoomba ni kidogo, Mhariri. Mkiandika tena, mwandishi wenu amuulize kila anayeuza funza swali lile lile nililouliza mimi, na majibu myachape. Na wanaosimamia vyakula vya mifugo waseme kila gunia liandikwe mambo mawili: funza walikula nini, na walichemshwa au hawakuchemshwa. Gunia likiwa na maandishi hayo, nitalinunua.

Mfugaji wa kuku wa mayai,
msomaji wenu wa siku nyingi