Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro kuhusu njia ya kilomita 21

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

YAH: OMBI LA NJIA YA KUDUMU YA WAKIMBIAJI, MOSHI MJINI KUELEKEA MWEKA

Kwa heshima na taadhima naomba nafasi katika shughuli zako nyingi nikueleze jambo linalotuhusu sisi tunaokimbia katika barabara za mkoa wako mwaka mzima, na si siku ya mashindano peke yake.

Tangu mwaka 2003 mji wa Moshi umekuwa ukipokea maelfu ya wageni wa Kilimanjaro Marathon, na wengi wao huchagua nusu marathoni. Wanaifuata njia inayotoka mjini, ikapanda kuelekea Mweka katikati ya vihamba vya kahawa na migomba, kwenye kivuli cha miringaringa, huku Kibo ikionekana mbele yao kama wamewahi kabla mawingu hayajaifunika. Wageni huogopa mlima ule wanapoupanda. Sisi wenyeji tunajua kwamba kinachoumiza ni kushuka, kwa sababu misuli ya mapaja hulazimika kuuzuia mwili usiporomoke kilomita baada ya kilomita, na asiyeizoesha mapema hufika uwanja wa Ushirika akitembea kinyumenyume. Dawa yake ni moja tu, nayo ni kuupanda na kuushuka mteremko huohuo miezi kadhaa kabla, ilhali mazoezi yenyewe hayana mahali salama pa kufanyikia. Siku ya mbio magari huzuiwa. Kesho yake mkimbiaji anarudi kugombania ukingo wa lami na vifodi na bodaboda, mkono mmoja ukiwa upande wa mtaro ulio wazi. Wanafunzi na akina mama wanaoshusha ndizi sokoni wanapita hapohapo, na hatari wanayokutana nayo ni ileile.

Ninachoomba, Mheshimiwa, ni njia ya waenda kwa miguu pembeni mwa barabara hiyo, pamoja na nguzo fupi za zege zinazoonyesha kila kilomita ya nusu marathoni, yaani kilomita 21 na mita 97.5. Njia ya mbio hupimwa kwa baiskeli iliyofungwa kifaa cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu, na upimaji huo ukishafanyika kwa uangalifu hakuna sababu ya alama zake kung'olewa jioni ya mashindano. Nimeelekeza barua hii kwako badala ya kwa mkurugenzi mmoja kwa kuwa njia inaanzia Manispaa na kuingia Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, na ofisi yenye uwezo wa kuziketisha halmashauri zote mbili na wakala wa barabara katika meza moja ni yako.

Nafahamu kwamba fedha za barabara zina madai mengi, na sitegemei kilomita zote zijengwe kwa bajeti moja. Kipande cha kuanzia kingekuwa kile chenye mteremko mkali na kona, ambako dereva anayeshuka hamwoni mtu hadi amfikie. Nguzo zinaweza kutangulia, kwa kuwa gharama yake ni ndogo.

Nchi hii imemtoa Fabian Joseph, bingwa wa dunia wa nusu marathoni mwaka 2005 huko Edmonton, na Alphonce Simbu, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo mwaka 2025. Kijana wa Kibosho au Uru mwenye miguu kama yao angenufaika zaidi na njia anayoweza kuikimbia kila alfajiri bila woga kuliko medali ya kushiriki mara moja kwa mwaka.

Masika yanakaribia kila mara mashindano yanapomalizika, na ujenzi haufai wakati huo. Kwa hiyo naomba upimaji ufanyike kabla ya mvua, na kazi ianze kiangazi cha Juni.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkimbiaji, mkazi wa Moshi