Kona ya kushoto ya bustani yako

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na wote wa hapo nyumbani. Miezi minne ya kimya si haba, nami nilikuwa nimejiandaa kukulalamikia, lakini mchoro wa bustani ya mitishamba ulioniletea juzi umenisahaulisha malalamiko yote. Niliufurahia mno, mpaka jicho langu lilipofika kona ya kushoto, ulikoandika mimea miwili, komfrei na digitali, katika tuta moja. Ninakuomba usipande chochote pale kabla hujamaliza kuisoma barua hii.

Kwa kawaida digitali haichanui katika mwaka wake wa kwanza. Hutoa majani tu, makubwa, yenye manyoya, yaliyojipanga duara juu ya udongo, na majani hayo yanafanana na ya komfrei kiasi kwamba wapo watu waliowahi kuyachuma wakidhani ni komfrei, wakayachemshia chai, na sumu ya digitali ikawadhuru moyo. Ukiyashika kwa utulivu utaona kwamba ukingo wa jani la digitali una vijino vidogo na manyoya yake ni laini, ilhali ukingo wa komfrei hauna vijino, na manyoya yake hukwaruza kidole. Nasema haya kwa sababu mwaka juzi mvua ilifuta wino kwenye vibao vyangu, nikajikuta nimechuchumaa kati ya matuta nikiwa na jani moja mkono huu na jingine mkono ule, nikiyapapasa kingo zake kwa kidole gumba, bila kuthubutu kulitaja jina la lolote. Niliyaacha yote mawili bila kuyatumia mpaka maua yalipotokeza.

Uliniuliza bustani hizi zilianzaje, na jibu langu linarudi kwenye kona ile ile. Ramani ya monasteri inayohifadhiwa Sankt Gallen, Uswisi, iliyochorwa mnamo mwaka 820 hivi, inaonyesha bustani ya dawa karibu na nyumba ya waganga, yenye matuta 16, na kila tuta limeandikiwa mmea wake: waridi, yungiyungi, mnanaa, seji, rozimeri, uwatu, bizari nyembamba, shamari na mingineyo. Sioni mpango ulio bora kuliko huo kwa mtu anayetumwa kuchuma dawa huku mgonjwa akisubiri. Miaka 700 na zaidi baadaye, mwaka 1545, chuo kikuu cha Padova nchini Italia kilipata bustani yake, hasa kwa sababu dawa zilikuwa zikitengenezwa kwa mimea isiyo yake, mara kwa makosa na mara kwa udanganyifu, na wanafunzi wa udaktari walihitaji kuiona mimea halisi ikiwa hai. Mimea ile iliibwa sana, hata ukajengwa ukuta wa duara kuizunguka, na bustani ingali mahali pale pale. Wauza dawa wa London nao walianzisha yao Chelsea mwaka 1673, ili wanagenzi wao wajifunze kuutambua kila mmea.

Simaanishi uitupe digitali. Mwaka 1775 daktari Mwingereza, William Withering, aliombwa maoni kuhusu dawa ya kutibu mwili uliovimba kwa maji, iliyokuwa siri ya bibi mmoja wa Shropshire. Ilikuwa na mitishamba 20 au zaidi, naye akatambua kwamba yenye nguvu ni digitali. Alichapisha matokeo yake mwaka 1785, baada ya miaka 10 ya kuwafuatilia wagonjwa, na sishangai kwamba alichukua muda mrefu hivyo, maana kiasi kinachotibu kiko karibu mno na kile kinachoua. Ipande basi, lakini iwe ya kutazamwa tu, peke yake, mbali na njia ya jikoni.

Komfrei nayo ina heshima yake. Zamani mzizi wake ulikunwa na kupakwa kuzunguka kiungo kilichovunjika, ukakauka na kuwa mgumu kama plasta. Kuinywa, hata hivyo, hakufai, kwa kuwa ina kemikali zinazodhuru ini. Tafadhali mweleze Shangazi haya yote mawili, maana sijapata kumwona akipita penye jani bichi bila kulichuma, na hofu yangu kubwa kuhusu kona ile ni yeye.

Je, miche umekwisha kuileta, au ungali unaandaa udongo? Vibao utaviandika kwa wino au utavichonga? Mnanaa utautia chunguni, au utauacha mizizi yake itambae mpaka kwenye matuta ya jirani? Na ukisafiri, nani atakayebaki na bustani, naye anaijua digitali? Nijibu kwanza kuhusu kona ya kushoto, hata kwa mstari mmoja.

Ni mimi, somo yako akupendaye.