Fyuzi Iwe ya Mwisho

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata, na picha nimezikuza mpaka nikasoma maandishi ya ubavuni mwa amplifaya. Umeuliza jambo moja tu: utumie waya gani kutoa sauti kwenye kicheza muziki chako cha mfukoni uipeleke kwenye amplifaya, maana redio ya gari imekufa. Hilo nitakujibu sasa hivi. Lakini kwenye picha ya pili nimeuona waya mwekundu umefungwa moja kwa moja kwenye betri, bila fyuzi, na usingizi ukaniruka. Nakuomba kaufungue kwanza, kisha urudi uendelee kusoma.

Waya wa sauti ni kazi ndogo. Tafuta wenye pini ya hedifoni ya milimita 3.5 upande mmoja, na upande wa pili pini mbili za RCA, zile zinazoingia kwenye amplifaya, nyekundu na nyeupe. Itazame vizuri ile pini ndogo: iwe na mikanda miwili myeusi. Yenye mkanda mmoja itagusanisha sauti ya kulia na hasi ndani ya kicheza muziki, usiitumie. Kwa kuwa amplifaya yako ina chaneli nne, kuna swichi ndogo ya kuchagua kama sauti inaingia kwa njia mbili au nne. Iweke kwenye mbili, waya huohuo utalisha chaneli zote. Chaneli za mbele zipe spika za milangoni. Za nyuma ziunganishe ziwe moja, zisukume sabufa, ile spika kubwa ya besi. Ukilisha sabufa peke yake utasikia mtikisiko bila mwimbaji.

Sasa turudi kwenye waya mwekundu. Kabla hujazaliwa, nilifungiwa amplifaya na fundi niliyemwamini. Alipitisha waya kwenye tundu la ule ukuta wa bati unaotenga injini na ndani ya gari, bila bushi ya mpira, na fyuzi akaiweka huko nyuma, karibu na amplifaya. Akaniambia inatosha. Miezi ikapita, na kila gari lilipotikisika bati lilikuwa linakula ganda la waya kidogo kidogo. Siku ganda lilipokwisha tulikuwa barabarani, mimi na mama yako. Ilitangulia harufu ya plastiki inayoungua, kisha moshi ukaanza kutoka chini ya dashibodi, kwenye miguu yake. Nilisimamisha gari, nikafungua boneti, nikalegeza hasi ya betri kwa spana huku mikono inatetemeka. Baadaye niliikagua ile fyuzi ya nyuma. Ilikuwa nzima kabisa. Umeme haukuwahi kuifikia. Ulikuwa unakimbilia kwenye bati kabla yake.

Ndiyo maana nakusisitizia, mama: fyuzi ya waya mkubwa kazi yake ni kulinda waya, wala si amplifaya, na waya unaanzia kwenye betri. Ifunge hapohapo betrini, isizidi sentimita 45 kutoka kwenye chanya. Ukubwa wake usipite uwezo wa waya wenyewe. Hesabu ifanye hivi. Amplifaya yako ni ya wati 400 halisi. Tuseme ufanisi wake ni asilimia 80, basi inavuta wati 500 kwenye betri ikifika kileleni. Gawa kwa volti 12.5, unapata ampea 40. Taa kubwa ya mbele ya wati 55 haifiki hata ampea 5. Kwa hiyo ule waya mwembamba uliobaki kwenye taa, uliosema utautumia, uache kabisa.

Waya wa hasi uwe mnene vilevile, na mfupi kadiri inavyowezekana. Usiukaze juu ya rangi. Kwangua kwa msasa mpaka chuma king'ae, ndipo ukaze skrubu. Kero nyingi za sauti chafu nilizowahi kuzifuatilia ziliishia pale pale, kwenye skrubu iliyokazwa juu ya rangi.

Kuna pia tundu lililoandikwa REM. Hilo ndilo linaloiamsha amplifaya, na kwa kawaida redio ndiyo huipelekea volti 12. Wewe huna redio, na utashawishika kulifunga kwenye betri. Ukifanya hivyo amplifaya haitalala usiku kucha, na asubuhi gari halitawaka. Chukua umeme kwenye waya unaopata umeme pale tu ufunguo unapozungushwa, weka fyuzi ndogo ya ampea 1 na swichi kando ya usukani.

Sabufa yako nimeona ina koili mbili za ohmu 4 kila moja, ohmu ikiwa kipimo cha jinsi koili inavyouzuia umeme. Amplifaya yenyewe imeandikwa isipewe chini ya ohmu 4 chaneli zikiunganishwa. Koili hizo ukizifunga sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, unapata ohmu 2, utaiunguza. Zifunge mfululizo, moja baada ya nyingine, upate 8. Nguvu itapungua, vumilia.

Hapa penye kitufe cha geni cha amplifaya ndipo watu wengi huharibu, kwa hiyo soma polepole. Tundu la hedifoni linatoa sauti dhaifu, mara nyingi volti 1 au pungufu, wakati redio nzuri ya gari hutoa volti 2 hadi 4 kwenye RCA. Utawasha, utaona besi ni hafifu, na mkono utakwenda kwenye kile kitufe cha geni ukidhani ni cha kuongeza sauti. Sivyo. Geni inailinganisha amplifaya na nguvu ya kinachoingia, basi. Ukiizidisha, vilele vya mawimbi ya sauti vinakatwa, na sabufa inapokea joto isiloweza kulitoa. Koili ikianza kuungua utaijua kwa harufu, kali kama ya vanishi iliyopashwa moto, na ukiinusa umeshachelewa.

Fanya hivi: geni ishushe mpaka mwisho. Kitufe cha kuongeza besi kiwe sifuri. Kichujio cha sabufa kiweke hezi 80, kipitishe sauti za chini tu, na cha spika za milangoni hezi 80 pia, kipitishe za juu. Kwenye kicheza muziki zima ekolaiza, panda mpaka robo tatu ya sauti. Weka wimbo unaoujua kwa moyo, wenye gitaa la besi na si ngoma tupu, kwa sababu gitaa likiharibika unasikia noti inapoteza umbo. Pandisha geni taratibu. Noti ikianza kukwaruza, rudi nyuma kidogo na uache hapo. Baada ya hapo sauti utaiongeza na kuipunguza kwenye kicheza muziki tu.

Ukichaji kicheza muziki kwenye tundu la kiberiti huku kinapiga, huenda ukasikia mluzi unaopanda kila unapokanyaga mafuta. Ni altaneta hiyo, mashine inayozungushwa na injini kuchaji betri. Chomoa chaja, ukinyamaza, sababu ni kwamba hasi zinakutana kwa njia mbili. Kuna kiboksi chenye transfoma ndogo kinachowekwa kwenye waya wa sauti, kinautibu, ila vile duni hula besi ya chini kabisa. Mimi ningechaji nyumbani. Na waya wa sauti upitishe upande mmoja wa gari, wa umeme upande mwingine.

Masikio yako pia nayafikiria. Sauti ya desibeli 85 ni salama kwa saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka 3, muda salama unapungua nusu. Gari ni chumba kidogo, sauti haina pa kwenda. Ukishuka na masikio yakawa yanalia, ulizidisha.

Ukimaliza nyaya zote, zivute moja moja uone kama kuna inayocheza, kisha unitumie picha kabla hujafungua muziki. Fyuzi ya betri iwe ya mwisho kabisa kuingia. Ukiishika mkononi, nipigie hata kama ni usiku, nisikie unavyoichomeka.

Baba yako