Nobel ya sayansi haiombwi

Mhariri,

Vijana wengi hapa Malindi hudhani mwanasayansi hutuma maombi ili apate Nobel ya fizikia au kemia. La. Akademia ya Kifalme ya Sayansi ya Uswidi hualika wapendekezaji: washindi wa zamani, wanachama wake, na maprofesa wa vyuo inavyovichagua. Majina yafike kufikia 31 Januari. Anayejipendekeza mwenyewe hahesabiwi. Wabobezi huchambua kazi, kisha Oktoba wanachama hupiga kura.

Tuzo moja haigawiwi zaidi ya watu 3, na hapo kwa kweli pana dhuluma, maana ugunduzi mwingi leo ni jasho la mamia. Orodha ya waliopendekezwa huwa siri kwa miaka 50. Vyuo vyetu vya Pwani vidai mialiko hiyo.

Walimu wa sayansi,
Malindi